Hati ya amana iliyokaa kabatini: mwongozo kamili kwa wasiofunga ndoa wanaonunua ardhi Uganda

Mama mmoja muuza vitenge wa Owino, soko la Kampala, aliniletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na mbili, kila ukurasa una muhuri wa wakili. Ilikuwa hati ya amana (trust), yaani karatasi ya kuwakabidhi wadhamini mali waishike kwa manufaa ya watu wengine. Yeye na mwenzake waliishi kinyumba miaka kumi na minne, wakazaa watoto wawili na kujenga nyumba Mukono. Sasa mwenzake amekufa, na shemeji zake wamekuja na mpimaji.

Niliisoma hati yote, na iliandikwa vizuri. Ilisema kiwanja kitashikwa na wadhamini wawili, kaka yake huyo mama na mzee wa kanisa, kwa manufaa ya mama na watoto. Nikamwuliza hati miliki iko kwa jina la nani. La marehemu peke yake, tangu siku waliyonunua. Hakuna aliyewahi kwenda ofisi ya ardhi kukihamisha kiwanja kwa wadhamini. Amana iliandikwa, ikapigwa muhuri na kutunzwa kabatini, lakini ardhi yenyewe haikuingia ndani yake.

Kosa hili nalikuta tena na tena, ndiyo maana naandika hatua kwa hatua. Mwongozo huu ni wa wawili wanaoishi pamoja bila ndoa ya aina yoyote, si ya kanisani, si ya bomani, si ya msikitini, si ya kimila, na wanataka kununua kiwanja au nyumba hapa Uganda. Wakili mtamhitaji. Ukishausoma, utaingia ofisini kwake ukijua unachotaka.

Kabla ya yote: kwa nini mjisumbue

Sheria ya Uganda haihesabu miaka. Hata mkikaa chini ya paa moja miaka thelathini, bila ndoa inayotambuliwa ninyi si mume na mke. Mmoja akifa bila wosia, Sheria ya Mirathi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 hugawa mali ya marehemu aliyeacha makundi yote manne hivi: watoto na vizazi vyao asilimia 75, mwenzi wa ndoa 20, ndugu waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Mwenza wa kinyumba hayumo katika mgawo huo. Watoto wenu wamo, hata kama wazazi hawakuoana. Wewe hupati fungu kwa sababu tu ulipika, ulizaa na ulichangia matofali.

Unaweza kwenda mahakamani kudai kwamba ulichangia, na wapo walioshinda. Lakini utadai ukiwa umefiwa, huna pesa, na risiti zako labda ziko kwenye simu iliyoibwa.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Vitambulisho vya taifa vya wote wawili. Asiye raia awe na pasipoti.
- Namba za mlipakodi za wote wawili, na za wadhamini mtakaowachagua.
- Picha za pasipoti, za kutosha. Ofisi ya ardhi huzila kama njugu.
- Nakala ya hati miliki ya muuzaji yenye namba za bloku na ploti, au za kitabu na ukurasa.
- Ushahidi wa fedha: karatasi za benki, taarifa za pesa za simu, risiti za saruji, mabati na nondo.
- Orodha ya watoto wote wa kila mmoja, wa humu ndani na wa nje.
- Wakili mwenye leseni ya mwaka huu, asiyekuwa wa muuzaji.
- Mpimaji ardhi aliyesajiliwa.
- Watu watatu mnaowaamini kuwa wadhamini au wadhamini wa akiba.
- Fedha za ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani ya ardhi, mbali na bei yenyewe. Hizi msizile.

Hatua ya 1: Ambianeni ukweli wa ndoa

Kaeni chini jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa. Kila mmoja ajibu maswali matatu. Je, umewahi kuoa au kuolewa kwa njia yoyote, hata ile ya kijijini ya kupeleka mbuzi na mitungi ya pombe? Kama ndiyo, je, ndoa ile ilivunjwa kisheria? Una watoto wangapi, na mama zao au baba zao ni nani?

Kuna sababu ya kuanzia hapa. Wanaume wengi Kampala huishi na mwenza mmoja mjini huku wakiwa na mke halali kijijini, ambaye kwanjula yake, sherehe ya kimila ya kutambulishwa kwa wazazi, ilifanywa mbele ya ukoo mzima. Mke yule ana haki zake. Sheria ya Ardhi inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuuza, kuweka rehani au kutoa ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa riziki. Amana iliyotengenezwa ili kumkwepa inaweza kuvunjwa mahakamani, nawe ukajikuta umelipa wakili kwa kazi bure.

Kama mke au mume halali yupo, simameni hapa kwanza mkamwone wakili. Wakati mwingine dawa ni kununua kwa fedha ya yule asiye na ndoa na kwa jina lake, basi.

Matokeo ya hatua hii yawe ukurasa mmoja wa majibu, wenye sahihi mbili na tarehe. Mwanamke mmoja aliniambia ukurasa huo ulimwokoa na ununuzi mzima: mwenzake alikataa kuusaini.

Hatua ya 2: Ijueni ardhi ni ya aina gani

Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, umiliki huru (freehold), mailo (umiliki wa kudumu wenye asili Buganda), na ukodishaji wa muda mrefu. Amana haikai sawasawa juu ya zote nne, kwa hiyo msikimbilie bei kabla ya kujua aina.

Ardhi yenye hati miliki, iwe umiliki huru, mailo au ya kukodi, ndiyo rahisi kuwekwa kwenye amana, kwa kuwa kuna daftari la serikali la kubadilisha jina.

Kibanja ni jambo jingine. Mwenye kibanja anakaa juu ya mailo ya mtu mwingine, anamlipa mwenye ardhi busuulu (kodi ya kukaa hapo) kila mwaka, na hana hati miliki. Kununua kibanja kunahitaji idhini ya mwenye ardhi, na muuzaji anatakiwa kumpa yeye nafasi ya kwanza kukinunua. Mkinunua bila idhini, mmenunua kesi. Kama ardhi ni ya Kabaka, idhini hutoka Buganda Land Board, ofisi inayosimamia ardhi yake. Kwa kibanja mimi huwashauri watu waachane na amana nzito. Wahakikishe majina yote mawili yako kwenye mkataba wa mauzo, kwenye barua ya idhini na kwenye risiti za busuulu, halafu kila mmoja aandike wosia. Inatosha.

Na kama mmoja wenu ni Mkenya, Mtanzania au Mkongomani, sikilizeni vizuri, maana wasomaji wengi wa Kiswahili wako hapa. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala umiliki huru. Anaruhusiwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Amana haifungui mlango huo. Ukimwambia rafiki yako Mganda akushikie mailo kimyakimya, umejenga juu ya mchanga, na siku mkikosana huna mahakama ya kukimbilia.

Sasa ukaguzi wenyewe. Peleka namba za bloku na ploti kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohusika: Kampala, Wakiso, Mukono, Jinja, Mbarara, Gulu na kwingineko. Omba ukaguzi rasmi kwa maandishi. Ada ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanja. Jibu litaonyesha mwenye ardhi, rehani kama ipo, na kaveti (zuio la kusajili mabadiliko juu ya ardhi) kama ipo. Kisha mpimaji afungue mipaka, nawe uwepo. Yaone mawe ya mipaka kwa macho yako, umguse mkono jirani wa kila upande na umwulize ardhi hii ni ya nani. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, mwone pia, ila muhuri wake si hati miliki. Nimeona watu wakilia kwa kudhani ni kitu kimoja.

Hatua hii imekamilika pale karatasi ya ukaguzi, hati ya muuzaji, vipimo vya mpimaji na maneno ya majirani vinaposema jambo moja. Kimoja kikipinga, msilipe hata shilingi ya kuonyesha nia.

Hatua ya 3: Amueni jinsi ya kushika

Hapa ndipo watu wanapotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni umiliki wa pamoja. Majina mawili yanaandikwa kwenye hati bila kutaja mafungu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Hati za Ardhi, wawili wakisajiliwa namna hii huhesabiwa kuwa wamiliki wa pamoja, na mmoja akifa, ardhi yote inabaki kwa aliye hai. Haipiti kwenye mirathi. Aliye hai anapeleka cheti cha kifo ofisi ya ardhi na jina la marehemu linaondolewa. Ni rahisi, na kwa wawili wasio na watoto wa nje mara nyingi hii inatosha. Nawaambia wazi hata kama wakili wenu hatapenda: si kila mtu anahitaji amana.

Njia ya pili ni mafungu. Hati inasema mmoja ana sehemu tano kwa nane, mwingine tatu kwa nane. Kila mmoja akifa, fungu lake huenda kwa warithi wake, si kwa mwenzake. Inawafaa wanaonunua kama washirika wa biashara. Ubaya wake ni kwamba siku moja unaweza kujikuta unamiliki nyumba na shemeji zako saba.

Njia ya tatu ni amana. Ardhi inasajiliwa kwa majina ya wadhamini, nao wanalazimika kuishika kwa masharti mliyoyaandika mkiwa hai.

Tuseme fundi gereji wa Katwe ana watoto wawili kwa mwanamke wa zamani. Anaishi na muuza vitenge, wana mtoto mmoja. Wananunua ploti ya shilingi milioni 80, yeye akitoa 50 na mwenzake 30. Wakichagua umiliki wa pamoja na fundi akatangulia kufa, mama anachukua vyote na wale watoto wawili wa kwanza hawapati kitu kwenye ploti ile. Wakichagua mafungu na fundi asiandike wosia, mama anabaki na tatu kwa nane, na watoto wa mwenzake wanaweza kudai ploti iuzwe wagawane. Amana ndiyo inayoweza kusema: mama akae humo mpaka mwisho wa maisha yake, baada ya hapo watoto wote watatu wagawane kwa viwango hivi. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayenyimwa.

Kwa hiyo, kama kuna watoto wa nje, mtoto mwenye ulemavu wa kutunzwa maisha yote, au ndugu mnaojua watakuja na mpimaji, chagueni amana. Kama hakuna, majina mawili na wosia mbili vitawatosha. Mkichagua hivyo, rukeni mpaka hatua ya 7.

Waislamu huniuliza kama hii si wakfu. Hapana. Wakfu ukishatoka umetoka. Amana ninayoizungumzia hapa mnaweza kuibadilisha au kuivunja mkiwa hai wote wawili. Na kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu, mkamwone shehe pamoja na wakili, si mmoja wao tu.

Hatua ya 4: Mkataba wa michango

Kabla fedha haijatoka, andikeni nani anatoa kiasi gani, kwa njia gani, na ujenzi utalipwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lipeni kupitia benki, kila mmoja kutoka akaunti yake. Mwenye fedha taslimu aiweke kwenye akaunti yake kwanza. Inachosha, lakini karatasi ya benki husema baada ya miaka ishirini, na shahidi huenda atakuwa amehamia Dubai.

Sehemu ambayo watu huikwepa ni ya kuachana. Iandikeni sasa mnapopendana. Pendekezo langu: mthamini aliyesajiliwa anaweka bei, mmoja anapewa siku 90 kumlipa mwenzake fungu lake, akishindwa, mwingine anapewa siku 90, wote wakishindwa, nyumba inauzwa. Andikeni pia kazi isiyo ya fedha inahesabiwaje. Mwanamke aliyesimamia mafundi miezi minane juani amechangia, ila bila maandishi atakuja kuthibitishaje?

Hatua ya 5: Andikeni hati ya amana

Amana haishiki kama mambo matatu hayako wazi: kwamba mlikusudia amana kweli, mali ni ipi, na wanufaika ni kina nani. "Nyumba yetu kwa ajili ya familia" haisemi lolote. Ploti namba fulani, bloku fulani, kwa watu hawa wenye majina na tarehe hizi za kuzaliwa, hapo sawa.

Wadhamini wawe watatu: ninyi wawili na mtu wa tatu wa nje. Mkiwa ninyi wawili tu, mmoja akifa aliyebaki anakuwa peke yake kwenye hati miliki, na watoto wa marehemu wanategemea huruma yake. Yule wa tatu asiwe ndugu mwenye njaa ya ardhi hiyo. Mwalimu mstaafu, mzee wa chama chenu cha akiba, au rafiki wa wote wawili atafaa. Tajeni na wa akiba, maana wazee nao hufa.

Hati iwe na haya, na msisaini mpaka myaone yote:

- Nani anakaa kwenye nyumba, na mpaka lini.
- Nani analipa kodi ya ardhi, ukarabati na deni la benki.
- Wadhamini wanaweza kuuza lini, na kwa sahihi za nani.
- Mmoja akifa nini kinatokea. Wote wakifa nini kinatokea.
- Mtoto mdogo anapewa fungu lake akiwa na umri gani. Mimi napenda miaka 25 kuliko 18.
- Mkiachana, mkataba wa hatua ya 4 unatumika.
- Mkifunga ndoa baadaye, amana inaendelea au inakoma.
- Kubadilisha au kuvunja amana kunahitaji sahihi za wote wawili, si mmoja.

Mfano wa kifungu cha kumwonyesha wakili, aukaze kisheria: "Baada ya kifo cha mmoja wetu, wadhamini watamwacha aliyebaki akae ndani ya nyumba bila kodi maisha yake yote, na hawatauza bila ridhaa yake ya maandishi. Baada ya kifo chake, wadhamini watawagawia watoto waliotajwa katika jedwali la pili kwa mafungu yaliyoandikwa humo."

Kuhusu lugha: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa Katiba, lakini mahakama na ofisi ya ardhi hufanya kazi kwa Kiingereza, kwa hiyo hati itaandikwa kwa Kiingereza. Dai tafsiri ya Kiswahili au Luganda, muisome mstari kwa mstari. Kama mmoja hajui kusoma, mwandishi wa hati anatakiwa kuweka jina lake na anwani yake, na kuthibitisha kwamba aliisoma na kuieleza kwa lugha ambayo mhusika anaielewa. Karatasi isiyo na uthibitisho huo hushambuliwa kirahisi mahakamani.

Jipimeni hivi: mpeni hati rafiki asiyewajua shemeji zenu, mwambieni mmoja wenu amekufa jana. Akiweza kusema nani analala wapi leo usiku, hati imeiva.

Hatua ya 6: Sahihi, stempu na usajili wa hati

Saini mbele ya wakili na mashahidi wasio wanufaika. Wadhamini wote nao wasaini kwamba wamekubali, kwa sababu mdhamini asiyejua kuwa ni mdhamini ni kichekesho, na kipo. Hati ipelekwe kukadiriwa stempu na URA (mamlaka ya mapato), mlipe kwa namba ya malipo mtakayopewa, kisha mkaisajili URSB (ofisi ya usajili wa biashara na hati) chini ya sheria ya usajili wa hati. Tengenezeni nakala tano zilizothibitishwa.

Watu wengi hurudi nyumbani kusherehekea wakifika hapa. Bado.

Hatua ya 7: Ingizeni ardhi ndani ya amana

Kama hamjanunua bado, mna bahati. Muuzaji asaini fomu za uhamisho moja kwa moja kwa majina ya wadhamini watatu. Kwa ploti ya milioni 80, ushuru wa stempu ni shilingi 1,200,000, mnalipa mara moja. Mkinunua kwanza kwa majina yenu halafu mkahamishia kwa wadhamini, mtakadiriwa tena. Ndiyo sababu ya kuandika amana kabla ya kununua, si baada.

Thamani anaikubali mthamini wa serikali, si ninyi. Mkiandika bei ya chini kwenye mkataba ili kupunguza ushuru, atawarudisha kwenye thamani ya kweli. Tena siku ya kugombana, mkataba wenye bei ya uongo ndio utakaosomwa mahakamani kama kipimo cha michango yenu.

Wadhamini wasajiliwe kama wamiliki wa pamoja, ili mmoja akifa wengine waendelee bila kesi ya mirathi. Wale waliochagua majina mawili bila amana, angalieni fomu ya uhamisho inasema nini: kwa pamoja, au kwa mafungu. Karani akiwauliza, msijibu "yoyote".

Usishangae kwamba hati miliki haitataja amana. Msajili wa ardhi haandiki amana kwenye daftari. Atakayeitazama hati ataona majina matatu ya watu tu, na mdhamini mbaya anaweza kuitumia nafasi hiyo. Kinga yake ni kaveti: mnufaika mmoja, kwa mfano mama kwa niaba ya mtoto, aweke kaveti ofisi ya ardhi akiambatisha nakala ya hati ya amana. Kaveti ya kawaida hufa siku 60 baada ya mwenye kaveti kupewa notisi. Ile iliyowekwa na mnufaika haifi kwa njia hiyo. Mwambie wakili aandike wazi kwamba mweka kaveti ni mnufaika.

Kama mnanunua kwa mkopo, ongeeni na benki kabla ya hatua ya 5. Benki nyingine hazitaki kusikia neno wadhamini. Ulizeni pia kama mkopo una bima ya maisha, na inamfunika nani kati yenu.

Kipimo cha mafanikio ni kimoja. Wiki chache baada ya kupewa hati mpya, nendeni mkaombe ukaguzi rasmi upya, kama mlivyofanya kwenye hatua ya 2. Karatasi ikirudi na majina ya wadhamini na kaveti yenu, amana yenu ina kitu ndani. Yule mama wa Owino angefanya ukaguzi huu mmoja tu, mwenzake akiwa hai, kosa lingegunduliwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Wosia, kila mtu wake

Amana inashika ploti ile tu. Boda, akiba ya benki, ng'ombe wa kijijini na ploti ya pili mtakayonunua mwakani haviko ndani yake. Kila mmoja aandike wosia unaosema vitu vyangu vingine viende wapi, na chochote kilichokusudiwa kuingia kwenye amana kikasahaulika kikabidhiwe wadhamini.

Wosia usainiwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaokuona ukisaini. Shahidi asiwe anayepewa kitu ndani ya wosia, wala mume au mke wake, maana kutoa ushahidi kutampotezea alichopewa. Kwa hiyo mwenzako asiwe shahidi wako. Tajeni msimamizi wa wosia, na mlezi wa watoto wadogo.

Mkifunga ndoa baadaye, andikeni wosia upya wiki hiyohiyo. Ndoa inaweza kuufuta wosia wa zamani, na wengi hawajui.

Hatua ya 9: Bahasha na siku saba za kwanza

Nakala moja ya kila karatasi ikae kwa wakili, moja kwa mdhamini wa tatu, moja kwa mtu wa upande wa mume, moja kwa mtu wa upande wa mke, na moja nyumbani. Hati miliki halisi isikae nyumbani kamwe. Kwenye matanga nyumba huwa na watu mia, na kabati halina mlinzi.

Waambieni wazazi mkiwa hai wote wawili, kwa chakula, si kwa barua. Msiwape hesabu, waambieni tu kwamba kuna karatasi na nani anazo. Ukoo ukishangazwa msibani ndio unaokuwa mkali.

Siku ikifika, aliyebaki afanye haya kwa mpangilio. Asisaini karatasi yoyote matangani, hata ya "mahudhurio". Asimpe mtu funguo wala hati. Ampigie mdhamini wa tatu kabla ya maziko, na baada ya maziko aandikishe kifo NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu) na kuchukua cheti. Kisha wadhamini waliobaki wapeleke cheti hicho ofisi ya ardhi ili jina la marehemu liondolewe, na waandike jina la mdhamini wa akiba. Kwa mali iliyo nje ya amana, msimamizi wa wosia aende mahakamani kuomba kibali. Kama hakuna wosia, ndugu waanzie ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi.

Na shemeji wakija na mpimaji, wakaribishwe chai, waonyeshwe nakala, na waambiwe halisi iko kwa wakili.